Kompyuta ya nyumbani inazimika kila mara? Kabla ya kufomata, soma kilichoandikwa kwenye kioo

Ilikuwa saa mbili za usiku, hapa Bukavu. Umeme ulikuwa umerudi tangu nusu saa tu, na mdogo wangu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya nyumbani akiandika sura ya tatu ya kazi yake ya kumaliza masomo, ile ambayo wanafunzi wetu wanaiita TFC. Mara kioo kikageuka buluu, maneno meupe yakatokea, sekunde chache zikapita, kisha mashine ikajizima na kujiwasha tena yenyewe.

«Yaya, imefanya tena!»

Ilikuwa mara ya nne juma lile. Kurasa mbili ambazo alikuwa hajazihifadhi zilipotea, na tarehe ya kutetea kazi yake mbele ya walimu ilikuwa imebaki majuma matatu.

Nyumba yetu iko katika tarafa ya Kadutu, na kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya okazioni, sawa na nyingi zinazofika kwetu baada ya kutumika miaka mingi katika ofisi za ng'ambo. Watu sita wanaitegemea. Mama anaandikia humo hesabu za likelemba ya akina mama wa mtaa. Watoto wanafanyia kazi za shule. Mimi naandikia habari. Ikilala yenyewe, nusu ya kazi za nyumba inalala pia.

Tulipoteza dola 20 na kitu kingine kisichonunuliwa kwa dola kabla ya kujua ugonjwa wake. Ninayaeleza haya kwa sababu wakaaji wengi wa miji yetu wanapitia njia hiyohiyo: kompyuta inaanguka, wanaipeleka kwa fundi, fundi anafomata, juma moja linapita, na kompyuta inaanguka tena.

Tulichopoteza

Mara ya kwanza tulifanya kama wanavyofanya wengi. Tuliibeba mashine hadi kwenye meza ya kijana anayetengeneza simu na kompyuta kando ya barabara. Hakuuliza ilianza lini wala inatokea wakati gani. Aliiwasha, akaitazama dakika mbili, akasema ni virusi na dawa yake ni kufomata. Tulilipa dola 10. Jioni ilirudi ikiwa nyepesi, mpya kabisa, na sisi tukafurahi.

Furaha iliisha mama alipouliza ziko wapi picha za baba. Baba alitutoka miaka mitatu iliyopita, na picha zake za mwisho, tulizokuwa tumezitoa katika simu iliyokufa, zilikuwa katika diski ile. Kijana hakuwa ameuliza kama kuna kitu cha kuokoa, na sisi hatukuwa tumemwambia. Baadaye tulipata programu ya bure inayoitwa PhotoRec, inayotafuta picha katika diski iliyofutwa, na tukaokoa chache. Nyingi zilikuwa zimekwisha kufunikwa na Windows mpya iliyoandikwa juu yake. Fundi mmoja alitueleza baadaye ya kwamba faili iliyofutwa haitoki mara moja katika diski; inabaki pale hadi kitu kingine kiandikwe mahali pake. Anayegundua kosa anapaswa kuizima mashine papo hapo na kuacha kuitumia. Sisi tuliitumia siku tano.

Na siku ya tano kioo cha buluu kilirudi. Tukaenda kwa fundi wa pili, akafomata kwa dola 10 nyingine, na siku ya tatu kikarudi tena.

Hapo mfanyakazi mwenzangu alinielekeza kwa mzee mmoja aliyezoea kutengeneza kompyuta za ofisi. Nilimpigia simu na kuanza kumweleza taabu zetu. Alinikatiza kwa swali moja tu: «Papa, imeandika nini kwenye kioo?»

Sikuwa na jibu. Kioo kile kilikuwa kimetokea mbele yetu mara kumi au zaidi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amekisoma.

Kioo cha buluu kinatuambia nini

Wengi wanadhani kioo cha buluu ndicho kifo cha kompyuta. Ukweli ni kwamba kompyuta inajisimamisha ili kujilinda. Windows inapoona ya kwamba sehemu yake ya ndani kabisa imekutana na jambo isiloweza kuliamini, kwa mfano hesabu zilizowekwa katika memori zimerudi zikiwa nyingine, inachagua kusimamisha kila kitu kuliko kuendelea na kuharibu faili zako. Inaandika sababu, inaweka ripoti ndogo katika diski, kisha inajiwasha upya.

Kioo hiki si kipya. Kipo tangu Windows NT ya mwaka 1993. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ilikiona siku moja: kampuni ya usalama wa kompyuta CrowdStrike ilituma marekebisho yenye kosa, na kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zikaanguka. Ndege zilikwama viwanjani, na hospitali na benki nyingi zilisimama. Siku ile haikuwa virusi. Ilikuwa faili moja mbaya ya programu halali. Tangu mwaka 2025, Microsoft imeanza kubadilisha rangi yake kuwa nyeusi katika Windows 11, kwa hiyo usishangae ukiona cheusi mahali pa buluu. Kazi yake ni ileile.

Neno la kutafuta liko chini. Kwenye Windows ya Kifaransa limeandikwa «Code d'arrêt», na mbele yake kuna maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa. Hayo ndiyo mzee alikuwa anayataka.

Tatizo letu lilikuwa kwamba mashine ilijiwasha upya kabla hatujamaliza kusoma. Dawa yake ni rahisi. Bonyeza pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika sysdm.cpl, ingia sehemu iliyoandikwa «Paramètres système avancés», kisha «Démarrage et récupération», na uondoe alama mbele ya «Redémarrer automatiquement». Kuanzia hapo kioo kitabaki mbele yako hadi wewe mwenyewe uzime. Piga picha kwa simu.

Daftari kando ya kompyuta

Agizo la pili la mzee lilikuwa kuweka daftari. Kila mara mashine ikianguka, tuandike tarehe, saa, nani alikuwa anaitumia na kwa kazi gani, kama kioo kilionyesha maneno au mashine ilikufa ghafla bila neno, na kitu gani kingine kilikuwa kimechomekwa katika umeme. Agizo la tatu lilikuwa kali zaidi: kabla ya kugusa kitu chochote, tutoe faili zote zenye maana na kuziweka nje.

Tulianza na hilo la tatu. TFC ya mdogo wangu iliwekwa katika flashi mbili, moja nyumbani na moja kwa rafiki yake, na nakala nyingine aliituma katika barua pepe yake mwenyewe. Katika Word tulibadilisha muda wa kujihifadhi yenyewe: kwa kawaida ni kila dakika 10, sisi tukaweka dakika 2. Kwa mtu anayeandika katika mji ambao umeme unaondoka bila kuaga, dakika hizo nane zina uzito wa kurasa.

Daftari lilikaa siku sita. Siku ya saba tulilisoma kwa pamoja, na jambo ambalo hatukuwahi kuliona likajitokeza: kompyuta yetu haikuwa na ugonjwa mmoja. Ilikuwa nayo miwili, na sisi tulikuwa tunaiita kwa jina moja.

Mara nyingine ilikufa ghafla, kama taa iliyozimwa, bila buluu wala maneno. Hiyo ilitokea karibu kila mara kati ya saa kumi na mbili na saa moja za jioni. Mara nyingine kioo cha buluu kilitokea, saa yoyote, mchana hata usiku, hasa mdogo wangu alipokuwa amefungua Word na kurasa nyingi za intaneti kwa wakati mmoja.

Ugonjwa wa kwanza: umeme na joto

Windows ina kitabu chake cha kumbukumbu. Kwa Kifaransa kinaitwa «Observateur d'événements». Unakipata kwa kuandika eventvwr katika kisanduku kilekile cha kitufe cha Windows na R. Ingia sehemu ya «Système» na utafute mistari mekundu. Pale pana alama moja inayoonekana sana katika kompyuta za kwetu: Kernel-Power, nambari 41. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Ukifungua maelezo yake na kuona BugcheckCode ni 0, basi kwa kawaida hakukuwa na kioo cha buluu: ama umeme ulikatika, ama mashine iliganda ikazimwa kwa nguvu, ama kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, ambacho mafundi wanakiita alimantasio, kilishindwa.

Saa kumi na mbili jioni kwetu ni saa ya kupika. Kompyuta ilikuwa imechomekwa katika multiprizi moja na resho. Resho likiwashwa, nguvu ya umeme inashuka, taa inafifia, na alimantasio iliyochoka haiwezi kuvumilia. Katika nyumba ambazo umeme unafika ukiwa dhaifu, jambo hili hutokea hata bila resho, jirani mwenye mashine ya kuchomelea chuma akianza kazi.

Tulihamisha kompyuta kwenye prizi yake peke yake. Gharama: hakuna. Kuzimika kwa ghafla kulikwisha siku ileile.

Kwa mwenye uwezo, kifaa cha kusawazisha umeme kinasaidia pale nguvu inapopanda na kushuka, na ondulere yenye betri inasaidia zaidi kwa sababu inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri umeme ukikatika. Asiye na uwezo huo afanye jambo moja lisilo na bei: umeme ukikatika, chomoa kompyuta, na usiichomeke tena papo hapo umeme unaporudi. Ngoja dakika chache utulie. Mshtuko wa kurudi mara nyingi ni mbaya kuliko wa kuondoka.

Ndugu wa umeme mbaya ni joto. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara zetu zisizo na lami linaingia kila mahali, na kompyuta inalivuta kwa feni yake mchana kutwa. Tulipofungua yetu, tulikuta vumbi limeshikamana juu ya kipozajoto kama kipande cha blanketi. Njia ya kusafisha ni hii: zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme mdogo wa mwilini uondoke, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini kavu huku ukishika feni isizunguke. Usitumie kitambaa chenye maji. Kwenye mashine ya miaka mingi, ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo kati ya prosesa na kipozajoto huwa imekauka. Fundi anaweza kuibadilisha kwa bei ndogo.

Dalili za joto ni hizi: feni inalia kwa nguvu, mashine inaanguka baada ya nusu saa au saa moja ya kazi nzito lakini si inapowashwa tu, na ukiiacha ipoe inafanya kazi tena. Programu ya bure kama HWMonitor inakuonyesha nyuzijoto. Prosesa nyingi zinaanza kujizuia au kujizima zikikaribia 100. Wenye kompyuta za kubeba wajue ya kwamba kuiweka juu ya kitanda au mto ni kuiziba pua.

Sisi tulisafisha, tukangoja siku mbili. Kioo cha buluu kilirudi. Kumbe vumbi lilikuwa uchafu tu, halikuwa sababu.

Ugonjwa wa pili: memori

Hapa ndipo zile picha za simu zilipotusaidia. Tulikuwa nazo tano. Mbili ziliandika MEMORY_MANAGEMENT. Moja iliandika PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Mbili ziliandika IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Mimi niliona machafuko. Mzee aliona jambo moja: maneno yanapobadilika kila mara, na kazi inayofanywa inabadilika pia, cha kwanza kushuku ni memori, zile kadi ndogo ndefu ambazo mafundi wetu wanaziita bareti.

Sababu yake inaeleweka. Kila kitu kompyuta inachokifanya kinapita katika bareti. Ikiwa ndani yake mna sehemu ndogo iliyoharibika, leo itaangukia Word, kesho itaangukia programu ya printa, keshokutwa itaangukia Windows yenyewe. Mwathirika anabadilika, mwizi ni yuleyule. Ndiyo maana kufomata hakukutusaidia: tulikuwa tunapaka nyumba rangi mpya huku nguzo imeoza. Siku tatu au tano za utulivu zilitoka wapi? Mashine iliyofomatiwa haina vitu vingi vya kufungua, kwa hiyo ilikuwa haijafika kwenye ile sehemu mbovu.

Windows ina kipimo chake. Andika mdsched katika kisanduku kilekile, kubali kuwasha upya, na iache ifanye kazi. Kipimo chenye nguvu zaidi ni MemTest86, kinachowekwa katika flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Kinachukua saa kadhaa, kwa hiyo chagua usiku ambao umeme umetulia. Sheria yake haina huruma: bareti nzima inaonyesha sifuri ya makosa. Hata kosa moja linatosha kuihukumu.

Kompyuta yetu ilikuwa na bareti mbili za gigabaiti 4 kila moja. Tulizitoa zote, tukafuta meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa gomu safi ya shule, kwa maana mara nyingine uchafu tu ndio unaokata mawasiliano. Kisha tukaijaribu kila moja peke yake. Ya kwanza ilipita usiku mzima bila kosa. Ya pili, dakika kumi hazikuisha, mistari mekundu ikajaza kioo. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza kama hicho kipande kidogo ndicho kilichotutesa mwezi mzima. Ndicho.

Tuliendelea na bareti moja. Mashine ilikuwa nzito kidogo, lakini haikuanguka tena. Baadaye tulinunua nyingine ya okazioni kwa dola 12, kwa muuzaji aliyekubali tuipime kabla ya kulipa. Mzee alichukua dola 5. Jumla dola 17, tukilinganisha na zile 20 za kufomata mara mbili bila faida.

Maneno mengine na maana yake

Ugonjwa wako unaweza kuwa mwingine. Haya ni baadhi ya maneno yanayotokea mara nyingi na mahali pa kuanza kutafuta.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni kilio cha chuma chenyewe: joto, umeme, prosesa, au bareti. Anza na vumbi na prizi.

CRITICAL_PROCESS_DIED ina maana kwamba kipande cha Windows ambacho haiwezi kuishi bila hicho kimekufa. Mara nyingi ni faili za Windows zilizoharibika, au diski inayochoka.

INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ina maana kwamba Windows haikuiona diski yake ilipokuwa inawaka. Huenda waya umelegea, huenda mpangilio umebadilishwa, huenda diski inaaga.

VIDEO_TDR_FAILURE inaelekeza kwenye kadi ya picha au programu inayoiendesha.

Ukiona chini ya maneno hayo jina la faili linaloishia na .sys, liandike. Hilo ni jina la piloti, yaani programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa fulani: kadi ya picha, Wi-Fi, printa. Piloti iliyowekwa juma lile matatizo yalipoanza ni mshukiwa wa kwanza. Iondoe, au rudisha ile ya zamani, kupitia «Gestionnaire de périphériques». Vilevile antivirusi mbili katika kompyuta moja hugombana, bakiza moja. Na zile Windows na programu zilizovunjwa ufunguo ambazo zinazunguka katika flashi zetu zinaleta mara nyingi mgeni asiyealikwa. Hapo ndipo neno virusi linaweza kuwa kweli, ingawa si kwa kila kompyuta inayoanguka.

Kuna njia moja nzuri ya kujua kama kosa ni la programu au la chuma. Weka Linux, kwa mfano Ubuntu, katika flashi, na uwashe kompyuta kwa flashi hiyo bila kuiweka katika diski. Fanya kazi humo saa moja au mbili. Ikianguka hata humo, Windows haina hatia. Tafuta katika chuma. Ikitulia kabisa, mashaka yanarudi kwa Windows, piloti au diski. Faida nyingine: Windows ikikataa kuwaka, kupitia flashi hiyohiyo mara nyingi unaweza kufungua diski na kuokoa faili zako kabla ya fundi yeyote kugusa.

Ikiwa mashaka ni kwa faili za Windows, fungua dirisha la maagizo kama msimamizi, yaani «administrateur», na uandike sfc /scannow. Windows itazikagua faili zake na kuzirekebisha zile inazoweza. Ikiwa mashaka ni kwa diski, tumia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya yake kwa rangi: buluu ni nzuri, manjano ni onyo, nyekundu ni hatari. Diski inayopiga tak tak, au inayochukua dakika nzima kufungua folda ndogo, usiichoshe kwa vipimo virefu. Toa faili zako kwanza. Kipimo kirefu juu ya diski inayokufa kinaweza kuwa msumari wake wa mwisho.

Kitu kimoja kwa wakati mmoja

Kosa kubwa ambalo tungeweza kulifanya lilikuwa kubadilisha kila kitu siku moja. Kama tungesafisha vumbi, kuhamisha prizi, kutoa bareti na kufomata katika mchana mmoja, mashine ingepona, lakini tusingejua kilichoiponya. Na siku ya kurudi kwa ugonjwa tungeanza upya kwa pesa mpya. Badilisha kimoja, ngoja siku mbili au tatu, andika katika daftari, kisha nenda kwa kingine.

Kufomata si dhambi. Kuna siku ndiyo dawa ya kweli: Windows imejaa virusi, au faili zake zimeharibika kiasi kwamba hazitengenezeki. Pia wenye Windows 10 wajue ya kwamba Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi watalazimika kuchagua njia nyingine hata kama mashine zao hazianguki. Lakini kufomata kuwe uamuzi wa mwisho baada ya kutafuta, na baada ya kuokoa faili.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, nenda na daftari na picha za kioo. Mwulize maswali matatu kabla hajaifungua mashine: Unadhani sababu ni nini? Utaipimaje kabla ya kubadilisha kitu? Faili zangu utaziweka wapi? Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi, kwa sababu umempunguzia nusu ya kazi. Anayejibu kwa neno moja tu, kufomata, kabla hata ya kuiwasha, mshukuru kwa heshima na ubebe mashine yako.

Mdogo wangu alitetea kazi yake siku iliyopangwa. Kompyuta ingali mezani, kwenye prizi yake peke yake, na daftari liko kando yake na kalamu imefungwa kwa uzi. Kurasa zake za mwisho ni nyeupe. Picha za baba tulizookoa zimehifadhiwa sasa mahali patatu tofauti. Ni kumi na moja. Mama anakumbuka ya kwamba zilikuwa zaidi ya mia.